Gemu za Kopi: Mafunzo Niliyopata Shanzu

Gemu za televisheni zilizofika Shanzu miaka ya 1990 hazikutengenezwa na kampuni ya Nintendo, ingawa zilicheza michezo ya Nintendo. Zilikuwa kopi. Ziliundwa Taiwan na baadaye China bila idhini ya mwenyewe, zikaingia kupitia bandari ya Kilindini au ndani ya masanduku ya jamaa waliorudi kutoka Dubai, zikauzwa kisiwani Mombasa, kisha zikavuka Daraja la Nyali kuja Kisauni, Bamburi, Shanzu na Mtwapa. Sisi tulizicheza kwenye vibanda vya karibu na barabara ya Malindi kwa sarafu ya shilingi 5, tukigombea zamu.

Leo mimi ni fundi wa redio, televisheni na simu, na nina rafu nzima ya mashine hizo. Zinadharauliwa sana. Mwenye pesa huziita takataka, mtu wa sheria huziita ghushi. Mimi naziheshimu, na sioni kwamba heshima hiyo inanizuia kusema ukweli kuhusu watu ambao kazi yao ilichukuliwa bila malipo. Haya ndiyo mafunzo niliyoyapata mezani.

1. Usiamini boksi, fungua mashine

Mama mmoja wa Utange aliniletea mashine ya kijivu iliyoandikwa PolyStation. Alikuwa amemnunulia mwanawe zawadi ya kumaliza mtihani. Kwa nje ilifanana na PlayStation ya kwanza ya Sony: kifuniko cha mviringo cha kuwekea CD, vitufe viwili vikubwa, pedi zenye mikono miwili. Boksi lilijaa picha za wapiganaji ambao mashine ile isingeweza kuwachora hata kwa miujiza. Mama akabonyeza kitufe, kifuniko kikafunguka, na chini yake hapakuwa na mahali pa CD. Palikuwa na tundu la kaseti.

"Fundi, sasa CD inaingia wapi?"

Nikatoa skrubu mbele yake. Ndani ya ganda lile kubwa mlikuwa na ubao mmoja wa saketi usiofika upana wa kiganja, na kipande cha chuma kilichogundishwa ili mnunuzi ahisi uzito. Katikati ya ubao palikuwa na tone la plastiki nyeusi iliyoganda. Chini ya tone hilo imo mashine yote.

Mashine yenyewe ni Famicom, iliyotolewa na Nintendo huko Japani tarehe 15 Julai 1983, kazi ya kikosi kilichoongozwa na mhandisi Masayuki Uemura. Prosesa yake ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh kwa msingi wa 6502, chipu ya Marekani ya mwaka 1975. Mwendo wake ni megahezi 1.79, na kumbukumbu ya kufanyia kazi ni kilobaiti 2. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza chipu zake zilizofanya kazi ile ile, ndizo zilizojaa kwenye kopi za mwanzo. Baadaye prosesa, picha na sauti vikabanwa pamoja ndani ya chipu moja, ikafunikwa kwa lile tone jeusi, na bei ikaanguka mpaka mtu wa kawaida akaimudu.

Nilimwambia, "Mama, hii si PlayStation. Lakini haijaharibika, na michezo iliyomo ni mizuri kweli." Mwanawe alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri. Nilipoiunganisha akaanza kucheza vifaru, na hakuuliza tena habari ya CD. Mama ndiye aliyebaki na uchungu, na ulikuwa uchungu wa haki: alilipia kitu kimoja akapewa kingine. Aliyemkosea ni yule aliyechapisha boksi na yule aliyeliuza akijua. Mashine haikumdanganya mtu.

Tangu siku hiyo nafungua kila mashine mbele ya mwenyewe, kabla hatujataja bei.

2. Aliyeiga alikuwa fundi kweli

Watu hudhani kuiga ni kazi ya mvivu. Mtu anayesema hivyo hajawahi kujaribu kuiga chipu.

Kuna sababu kopi nyingi zilifuata mashine ya Japani na si ile iliyouzwa Marekani. Famicom ya Japani haikuwa na kufuli. Ile ya Marekani, NES ya mwaka 1985, ilitiwa chipu ya ulinzi inayokagua kila kaseti, na tundu lake lina meno 72. Famicom ina meno 60 na haikagui chochote. Waigaji wakapita mlango uliokuwa wazi. Ndiyo maana kijana aliyeletewa na shangazi yake kaseti ya kijivu kutoka Uingereza alikuja kwangu analalamika kwamba haiingii. Haikuwa mbovu. Ilikuwa ya ukoo mwingine.

Nchi nyingi zilizosahauliwa na Nintendo zilipata kopi zake na kuzipa majina. Urusi walikuwa na Dendy, iliyouzwa na kampuni ya Steepler kuanzia 1992, na watoto wa huko hadi leo, wakiwa watu wazima, huita gemu yoyote ya zamani kwa jina hilo. Poland walikuwa na Pegasus, Afrika Kusini Golden China. Hapa kwetu kila mtu aliita kwa jina alilolikuta kwenye ganda.

Kisa ninachopenda kuwasimulia vijana ni cha Subor ya China. Kampuni hiyo ilitengeneza kopi ya Famicom yenye kibodi, ikaiuza kama mashine ya kujifunzia, na wazazi wa China wakainunua kwa wingi. Aliyeiongoza wakati huo ni Duan Yongping. Mwaka 1995 aliondoka akaanzisha BBK, na katika BBK ndimo zilimotoka Oppo na Vivo. Simu hizo zimejaa madukani Mtwapa na Mombasa. Kijana akinishikia Oppo yake niibadilishie skrini, namwonyesha ile rafu yangu na kumwambia walikoanzia waliotengeneza simu yake. Wengi hawaamini mpaka watafute wenyewe. China haikukaa kwenye kuiga. Iliiga, ikajifunza, ikatengeneza vyake.

3. Kaseti ya michezo 9999999 ina michezo michache

Namba hiyo imechapishwa kweli kwenye kaseti nyingi. Ukiiwasha unapata picha ya bahari na ndege wanaoruka juu ya maji, na orodha isiyo na mwisho. Sisi watoto wa pwani tuliipenda picha ile, tukaona kama imetengenezwa kwa ajili yetu.

Ukianza kucheza unagundua kwamba namba 1 na namba 9 ni mchezo ule ule, ila namba 9 inaanzia hatua ya tatu au inakupa maisha mengi zaidi. Ile michezo ya kweli imechaguliwa kwa udogo wake. Super Mario Bros. ya mwaka 1985, pamoja na picha zake, muziki na hatua zake zote 32, inakaa ndani ya kilobaiti 40. Picha moja unayotumiwa kwa WhatsApp mara nyingi ni kubwa kuliko hiyo. Contra ni ya kilobaiti 128, ndiyo sababu kaseti iliyokuwa na Contra iliuzwa ghali na mwenye kibanda hakuiacha mkononi mwa mtu.

Ninaposhika kaseti ile ya kilobaiti 40 huwa nastaajabu. Watunzi wake walipima kila baiti. Mawingu ya Mario na vichaka vyake ni mchoro mmoja, rangi tu ndiyo iliyobadilishwa. Hiyo ni akili, na inafaa kufundishwa.

4. Adapta ndiyo inayoua, na inaweza kuua zaidi ya gemu

Hapa naomba nisikilizwe na kila mzazi.

Mashine nyingi ninazoletewa zimekufa kwa adapta. Kopi ya Famicom inataka volti 9 za mkondo mnyoofu. Ndani yake kuna kidhibiti kidogo chenye miguu mitatu, kimeandikwa 7805, kinachozishusha ziwe volti 5, na kile kinachobaki kinatoka kama joto. Ndiyo maana kimefungwa kwenye kibati cha aluminiamu. Sasa adapta ya asili ikipotea, mtu huchukua yoyote yenye kichwa kinachoingia. Akichukua ya ruta ya volti 12, kidhibiti kinachemka mpaka ganda linanuka. Akichukua ambayo chanya na hasi zimepishana, huenda mashine ikafa papo hapo. Kidhibiti nitakibadilisha kwa bei ndogo. Tone jeusi likiungua, mimi sina la kufanya, na hakuna fundi Mombasa mwenye la kufanya.

Hilo ni la mashine. La mtoto ni zito zaidi. Stima yetu ni volti 240. Kazi ya adapta ni kuzitenga zile 240 na waya unaoingia kwenye gemu anayoishika mtoto. Nimefungua adapta za bei ya chini kabisa nikakuta pande mbili hizo zimeachana kwa nafasi ya unene wa ukucha, risasi imemwagika ovyo, na hakuna fyuzi. Shanzu watoto hucheza sakafuni, miguu mitupu juu ya saruji, wengine wametoka kuogelea na bado wana maji mwilini. Sitaki kumtisha mtu, lakini adapta ya namna hiyo sikubali iondoke dukani kwangu na mteja. Naikata waya mbele yake, kisha namwelekeza anunue nyingine.

Mambo ya kufanya ni mepesi. Tafuta alama ya KEBS na usome namba zilizoandikwa: volti, miliampea, na ule mchoro mdogo wa duara unaoonyesha upande wa chanya. Ishike baada ya nusu saa. Ikiwa moto kiasi cha kushindwa kuishika, ing'oe. Stima ikipotea, chomoa kila kitu ukutani, kwa sababu inaporudi huja na kishindo. Na mtoto asichomeke wala kuchomoa akiwa na maji.

5. Chumvi ya bahari haina huruma

Tuko ufukweni. Upepo wa kusi na wa kaskazi, wote unaleta chumvi, na shaba ya kwenye meno ya kaseti inageuka kijani. Sote tulijifunza kupuliza kaseti isipowaka. Ilionekana kufanya kazi kwa sababu kuitoa na kuirudisha kulikwangua uchafu kidogo, lakini pumzi ina unyevu na unyevu unaongeza kutu.

Dawa ni raba ya shule, ile nyeupe laini. Sugua meno pande zote mbili, futa vumbi kwa brashi, pitisha kitambaa chenye spiriti, acha yakauke. Kwa tundu la mashine, natumia sindano kuyainua taratibu meno yaliyolala. Zaidi ya nusu ya mashine "zilizokufa" hufufuka hapo, na kazi hiyo simlipishi mtoto.

6. Contra yetu ilikuwa ya polepole

Mjomba mmoja aliyekulia Shanzu alirudi likizo kutoka Uarabuni, akakuta kwangu gemu mpya imewashwa, akaomba pedi acheze Contra. Akafa mapema sana. Akasema, "Fundi, hii umeiongeza mbio." Sikuwa nimeongeza kitu.

Televisheni za Japani na Marekani zilichora picha 60 kwa sekunde. Zetu, za mfumo wa PAL, zilichora 50. Michezo ya Famicom ilitungwa kwa 60, na kila hatua ya mchezo hufuata picha moja. Waliotengeneza kopi za kuuzwa nchi za PAL walirekebisha chipu ili michezo ile ya Japani ikubali kwenye televisheni zetu bila kuvurugika, na sauti haikushuka sana, ila mwendo wote ulipungua kwa sehemu moja kati ya sita. Kwa hiyo kizazi kizima cha Pwani kilijifunza kuruka risasi kwa mwendo ambao watunzi hawakuukusudia. Gemu ile mpya ilikuwa ya 60, na vidole vya mjomba vilikuwa bado kwenye mwendo wa 50.

Tofauti hiyo ya mifumo ya televisheni inaeleza pia tatizo jingine ninaloletewa: picha inatokea nyeusi na nyeupe. Mara nyingi mashine si mbovu, ni ya mfumo wa Marekani imeunganishwa kwenye televisheni inayoelewa PAL peke yake.

Na ile bunduki ya kupiga bata haitakubali kwenye televisheni bapa. Ukifyatua, skrini huwa nyeusi kwa kufumba na kufumbua, kisha mraba mweupe hutokea mahali alipo bata. Jicho la mwanga lililo mdomoni mwa bunduki likiuona mweupe huo kwa wakati wake, bata ameanguka. TV ya chogo huchora bila kuchelewa. Televisheni bapa huchelewa kidogo, na kuchelewa huko kunatosha kumwokoa bata. Ukiwa na TV ya chogo inayofanya kazi, usiitoe kwa muuza vyuma chakavu kabla hujafikiri.

7. Mtunzi alifutwa jina

Kila mtoto wa Shanzu aliyecheza Contra aliijua siri hii kwa moyo: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Unapata maisha 30. Tulifundishana mdomo kwa mdomo, mkubwa kwa mdogo, kama tulivyofundishana kufunga nyuzi za mshipi. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba aliyeibuni ni mtu, kwa jina Kazuhisa Hashimoto, mfanyakazi wa Konami, aliyekuwa akiandaa mchezo wa Gradius kwa Famicom mwaka 1986 na akauona mgumu mno kuujaribu bila msaada. Alifariki Februari 2020. Nilisoma habari hiyo nikiwa dukani, na nilihuzunika kwa mtu ambaye sikuwahi kumsikia utotoni mwangu wote.

Hatukumsikia kwa sababu waigaji walifuta. Kwenye kaseti nyingi za kopi, jina la kampuni na mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa mchezo vimeondolewa. Mario alibaki, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka waliotunga mchezo wake wakapotea, na Koji Kondo aliyetunga ule muziki pia akapotea. Hilo ndilo kosa la kopi ninaloliona kubwa kuliko yote. Mtoto maskini kucheza kwa shilingi 5, sitaliita wizi. Sikuwahi kuona duka Mombasa lililomuuzia mtu Famicom ya Nintendo yenyewe miaka ile. Lakini kumfuta jina aliyefanya kazi hakuna umaskini unaokuhalalisha.

Kisheria ni vizuri kutenganisha. Mashine hulindwa kwa hataza, na hataza Kenya hudumu miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Kwa uvumbuzi wa mwaka 1983 muda huo umepita zamani, hivyo kutengeneza leo mashine inayofanya kazi kama Famicom si jambo la kumtia mtu hatiani kwa sababu hiyo peke yake. Mchezo ni habari nyingine. Huo ni utunzi, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 inalinda programu za kompyuta kwa muda mrefu zaidi. Na anayeuza kwa jina na umbo la kuiga la mwenzake ana kesi na Sheria ya Bidhaa Ghushi ya 2008. Wenye michezo hawajaiacha, pia. Novemba 2016 Nintendo yenyewe ilitoa mashine ndogo yenye michezo 30 ya zamani, na ikagombaniwa madukani Marekani na Ulaya.

Mimi natengeneza. Siuzi kaseti za kopi, na simnakilii mtu michezo.

8. Kopi za sasa zimebadilisha ganda, boksi ni lile lile

Siku hizi watoto wa hapa wana kile kigemu cha mkononi kinachoitwa Sup, chenye skrini ya inchi 3 na michezo 400. Ndani yake ni lile lile tone jeusi, Famicom ile ile. Betri yake ni ya aina ya BL-5C, iliyokuwa kwenye Nokia 1100 ya mwaka 2003, kwa hiyo mtu huweza kupachika betri ya simu ya bibi yake na gemu ikawaka. Lakini betri hizo zina historia. Agosti 2007 Nokia yenyewe iliwatahadharisha watu kuhusu betri milioni 46 za BL-5C zilizoweza kupata moto kupita kiasi zinapochajiwa. Hizo zilikuwa halisi, zimetengenezwa na kiwanda kinachojulikana. Kopi ya betri hiyo isiyo na jina la kiwanda ninaichunguza mara mbili. Ikivimba hata kidogo, siirudishi ndani ya gemu.

Kisha kuna fimbo ya gemu, ile inayochomekwa nyuma ya televisheni bapa, yenye pedi mbili zisizo na waya. Boksi limeandikwa 4K. Michezo ya Famicom ina nukta 256 kwa 240, na hakuna fimbo itakayoiongezea nukta ambazo hazikuchorwa. Ikifa, mara nyingi ni kadi ya kumbukumbu iliyokufa, kwa sababu huwekwa ya bei ya chini kuliko zote. Watu hutupa fimbo nzima.

9. Hakuna ubao wa kufundishia unaoshinda huu

Vijana huja dukani wakati wa likizo kuomba kujifunza. Simu siwapi, sehemu zake ni ndogo mno, na kosa moja linagharimu skrini ya mtu. Nawapa pedi ya gemu ya kopi.

Ina vitufe nane: A, B, Select, Start, juu, chini, kushoto, kulia. Ina nyaya tano. Nawaomba wanieleze vitufe nane vinapitaje kwenye nyaya tano, na mbili kati ya hizo ni za stima tu. Wengi hukaa kimya. Msichana mmoja wa kidato cha pili alikaa nayo alasiri nzima na mita mkononi, akipima waya mmoja mmoja, akiandika kwenye daftari lake la hesabu. Jioni akaniambia, "Fundi, havipiti kwa pamoja. Vinapanga foleni."

Ndivyo. Waya mmoja hutoa amri ya kushika hali ya vitufe vyote kwa mara moja. Wa pili hugonga mapigo. Wa tatu huleta jibu, pigo moja kwa kitufe kimoja, kuanzia A mpaka kulia, na mzunguko huo hurudiwa kwa kila picha inayochorwa. Chipu inayofanya hivyo kwenye pedi ya Famicom ni 4021, ya kawaida kabisa, na kopi huiga kazi yake. Kompyuta yoyote, kubwa au ndogo, hutumia wazo hilo mahali fulani. Msichana yule alilipata mwenyewe, kwenye pedi ambayo duka la mjini lingeona haya kuirudisha kwenye kabati.

Baada ya hapo nawaeleza kwamba Wakenya wametunga gemu zao. Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, na Planet Rackus wakatengeneza Ma3Racer, mchezo wa simu wa kuendesha matatu. Programu za kuandikia michezo ya 6502 zinapatikana bure, na wapo watu duniani wanaoendelea kutunga michezo mipya kwa mashine ile ya 1983. Mchezo wa kilobaiti 40 kuhusu ngalawa inayopita mlango wa Mtwapa hauhitaji kiwanda wala ruhusa ya mtu. Unahitaji mtoto mwenye muda na mtu wa kumwonyesha.

Kwa hiyo ndugu msomaji, ukiwa Shanzu, Bamburi, Kongowea au popote Pwani, na una mashine ya zamani darini, pedi zake au kaseti iliyogeuka kijani, tafadhali usiiache iishie kwenye jaa la Mwakirunge. Mpelekee fundi wa mtaani kwako, au mwalimu wa sayansi wa shule iliyo karibu. Ikiweza kutengenezwa itatengenezwa. Isipoweza, kuna mtoto atakayeifungua.